Mnyoo Aliyeoshwa kwa Ndimu

Vijana wa maabara mliniomba niandike kabla sijasahau. Mlinong'ona pia kwamba mzee atahitaji mtu wa kumwandikia, maana shule yangu iliishia darasa la nne. Nilisikia. Masikio sijastaafu. Nimeketi mwenyewe na kalamu yangu, na herufi zikipinda mtazisoma hivyohivyo.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Cheo sikupewa, na mshahara ulikuwa unapita tu kwangu ukielekea kwa mwenye duka. Nitaandika kazi.

Nilianzia machinjioni, hapahapa Bagamoyo, kuosha utumbo. Kazi ya kuosha utumbo haina mwalimu; unapewa ndoo unaambiwa anza. Aliyenitoa kwenye ndoo ni mkaguzi wa nyama, Bwana Lukas, mtu wa bara, Mkristo, msafi kupita kiasi. Koti lake jeupe liliingia machinjioni jeupe na kutoka jeupe, na mpaka leo sijui alifanyaje. Asubuhi moja aliniwekea ini la ng'ombe mikononi.

"Usilitazame," akasema. "Lishike tu. Pembeni pakoje?"

"Butu."

"Ini zima lina ncha kali pembeni, kama jani. Hili limevimba. Sasa likate, halafu nyamaza usikilize."

Nikakata. Kisu kikalia kama kinapita kwenye mchanga. Mirija ya nyongo ilikuwa imekakamaa kama mifereji ya saruji. Akaniambia nikamue kwa kidole gumba, kuelekea kwangu. Kikatoka kitu cha rangi ya tumbaku, kimejikunja. Kikakaa juu ya ubao kidogo, kisha kikajikunjua chenyewe, polepole, kikawa kama jani refu la mkaratusi. Kikajivuta.

"Mnyoo wa ini," akasema Bwana Lukas. "Mpangaji asiyelipa kodi."

Tangu siku hiyo nikawa sili ini kabla ya kulikata mwenyewe na kulitazama mirija. Arusini, msibani, Idi kubwa, popote. Mke wangu alikuwa akiniambia namtia aibu mbele ya wenyeji. Nikamwambia aibu inapona. Bwana Lukas alinifundisha kwamba mtu hapati mnyoo kwa kula ini lililokwisha kupikwa, na nilimwamini. Lakini kuamini ni jambo moja, mkono wenye kisu ni jambo lingine. Mji ukaniita Baba Maini, na sikukataa.

Jambo jingine alilonifundisha: ini lililokataliwa hulimwagii maji tu ukalifukia. Unalimwagia mafuta ya taa kwanza. Ukilifukia hivihivi, kabla hujaosha mikono kuna mtu keshalifukua. Njaa inajua kuchimba.

Sasa mafuta hayo ya taa ndiyo yaliyonikutanisha na Daktari Neema. Alikuwa ametoka kwenye kituo cha utafiti, binti mdogo wakati ule, mzaliwa wa Mwanza, anatafuta minyoo wa ini. Nikampelekea kopo zima, wamejaa mpaka juu. Akafungua, akarudisha uso nyuma.

"Mzee Athumani, hawa wananuka taa."

"Ndiyo. Wamekufa kabisa, usiwe na hofu."

"Mimi nawataka wazima."

"Wazima wa kufanya nini?"

"Kuwasoma."

Nikamtazama. Nikamwambia mimi mwenyewe kusoma kumenishinda darasa la nne, leo nakuletea mnyoo umsome. Akacheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja mpaka nilipostaafu, maana mtu anayekaa chini kwenye ngazi ya machinjio akiwa na sketi safi, huyo ni mtu wa kazi.

Alitaka kuisoma jenomu ya mnyoo, yaani vinasaba vyake vyote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mnyoo huyu haishii kwa ng'ombe na mbuzi tu, anaingia na kwa watu, akakaa kwenye ini miaka, na mtu akatibiwa vidonda vya tumbo, malaria, na mashetani, kila kitu isipokuwa mnyoo. Daktari akanieleza kwamba jenomu ni kama kitabu. Sikuelewa. Akasema ni kama ramani. Sikuelewa vilevile, na sikuona haya kusema. Akasema basi, ni uzi mrefu sana ambao mashine haiwezi kuusoma wote kwa mara moja. Inausoma vipande, halafu inabidi vipande viunganishwe.

"Ukili," nikamwambia.

"Ukili ndiyo nini?"

Kwao Mwanza hawasuki mikeka kama sisi. Nikamweleza: mama yangu alikuwa akisuka miyaa, majani makavu ya kusukia, anatoa ukili, utepe mwembamba mrefu, anauzungusha na kuushona pembeni kwa pembeni mpaka unakuwa mkeka. Daktari akawaza, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili. "Na ukili ukikatika vipande vifupi, na mapambo yake yanajirudia, utajuaje kipande hiki kinakaa wapi?"

"Hutajua. Utashona mkeka wa kichaa."

"Basi mnyoo huyu mapambo yake yanajirudiarudia kuliko mikeka yote ya pwani. Ndiyo maana nataka ukili mrefu. Na ukili mrefu unatoka kwa mnyoo mzima, siyo aliyeoza, wala aliyenyweshwa taa."

Hapo nikaelewa, na yeye akaelewa kwamba nimeelewa.

Namna ya kuwachukua ni hii, na mnaobaki muishike. Chupa ya chai, ile ya kutunza joto. Ndani yake maji ya dripu, ya uvuguvugu. Pima kwa kiwiko kama unavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Kata ini likiwa bado lina joto la mnyama. Kamua, usivute, ukimvuta anakatika. Mtie kwenye chupa, mwache atapike. Ndiyo, anatapika, anatoa nyongo na damu aliyokula. Badilisha maji, atapike tena. Ukimgandisha na tumbo limejaa, mashine itakusomea ng'ombe. Kisha ndipo aingie kwenye mtungi wa naitrojeni. Chupa hiyo niliiandika kwa rangi nyekundu SI YA CHAI, na bado mgeni mmoja wa semina alijimiminia. Sikumwambia. Alisema chai yetu ina chumvi.

Ng'ombe wengi walitoka Ubena na kule ndani, wakaletwa kwa malori. Wachinjaji hawakunipenda mwanzoni, kwa kuwa habari ya mnyoo ikifika sokoni, ini halinunuliki. Bwana Lukas alikuwa amenifundisha dawa yake: usibishane na mchinjaji juu ya ini. Likate mbele yake, mwekee mnyoo kiganjani, na ukae kimya. Mnyoo mwenyewe atasema.

Mkeka wa Daktari Neema ulichukua muda mrefu kushonwa. Siku ulipokamilika alinionyesha kwenye kompyuta. Nikaona herufi nne tu, zinajipanga na kujipanga bila kituo.

"Nne tu?"

"Nne tu, mzee."

"Basi hata mimi ningeimaliza hiyo shule."

Sasa nije kwenye habari ya Miono, ambayo ndiyo nilitaka kuiandika tangu mwanzo.

Kulikuwa na mama mmoja huko, Zuhura, mke mdogo wa mkulima anayeitwa Shomari. Aliugua upande wa kulia chini ya mbavu mpaka akawa wa manjano. Wakampeleka Dar es Salaam, akapasuliwa, wakidhani ni jiwe au uvimbe mbaya. Walikuta minyoo wawili kwenye mrija wa nyongo. Mmoja alitiwa kwenye fomalini, na fomalini inazigandisha nyuzi hazifumuki tena. Wa pili Daktari Neema alimwomba. Akatiwa kwenye kichupa cha maji safi, akapewa dada yake Shomari, Bi Mize, ambaye alikuwa anarudi nyumbani, ashuke Bagamoyo atuachie. Bi Mize akapita Bagamoyo bila kushuka.

Nikatumwa kumfuata. Nilifika Miono asubuhi, nikapiga hodi, nikakaribishwa barazani. Bi Mize akaniamkia, nikaitikia, tukaulizana hali za watu wote walio hai, na wengine waliokufa. Kisha akasema mwenyewe.

"Umefuata kile kitu."

"Nimekifuata."

"Kimekwisha stiriwa."

"Kimestiriwaje, bibie?"

"Kama kinavyostiriwa kitu kilichotoka mwilini mwa mtu. Hakitupwi, hakigawiwi. Nimekiosha kwa ndimu na chumvi kitoke shombo, nikakikunja kitambaa cheupe, nikakifukia nyuma ya jiko."

"Ndimu ngapi?"

"Unataka kupika?"

 Siwezi kumlaumu. Kwetu pwani kila kinachonuka tunakipa ndimu, na kila kinachotoka mwilini, kitovu, nywele, kucha, kinarudi ardhini. Kituoni hakuna aliyefikiri kumwambia vinginevyo.

Shomari akatoka ndani na kuketi. Ndipo nikajua kwamba habari ni kubwa kuliko kichupa. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa anaitwa Kibibi, mtu wa Mlingotini, msukaji mikeka, na ndiye aliyekuwa akipika nyumbani siku zote, kwa kuwa Zuhura alishinda bustanini bondeni. Sasa Kibibi hakuwepo. Alikuwa amerudishwa kwao.

"Mnyoo wa ng'ombe anaingiaje kwa mtu?" Shomari akaniuliza. "Watu wanasema kwa kula ini bichi. Mke wangu huyu ini halili kabisa, hata likipikwa, harufu inamkera. Kibibi naye kala chungu kimoja naye, mbona yeye mzima? Zuhura amelishwa. Ndugu zangu wakubwa wakikutana, nampa Kibibi talaka yake."

"Zuhura anasemaje?"

Sauti ya Zuhura, aliyekwisha ruhusiwa hospitali, ikatoka chumbani, dhaifu. "Mimi sijasema kitu."

"Ndiyo hiyo," akasema Shomari. "Hata yeye hamtetei."

Nikawaambia ukweli wangu. Mnyoo huyu hatoki kwenye ini la ng'ombe kuingia kwa mtu. Mayai yake hutoka na kinyesi, huingia majini, huingia kwa konokono, watoto wake hutoka kwa konokono wakajibandika kwenye majani ya majini. Shomari akasema hayo ni ya vitabuni. Nikamwambia mimi si mtu wa vitabu, mimi ni mtu wa maini. Nipe nafasi. Nimfukue yule mnyoo, nichukue konokono wa mtaro wa bustani yenu, na maini ya ng'ombe wanaokunywa pale. Wasomwe wote pamoja. Mpaka tujibu, usitamke talaka.

"Kaburi halifukuliwi," akasema Bi Mize.

"Bibie, hapo hakulala maiti. Umemzika mwizi nyumbani kwa mtu aliyemwibia, tena kwa kitambaa cheupe."

Akajizuia, kisha akacheka, akafunika mdomo kwa kanga. "Na kitakachobaki?"

"Nitakirudisha. Utakistiri kwa mkono wako."

Akanionyesha mahali. Nilichimba mwenyewe. Yule mnyoo alikuwa mweupe, mgumu, kama ganda la muwa lililotafunwa. Kwa harufu ungesema achari.

Daktari Neema alipomwona aliuliza jambo moja tu. "Ndimu?"

"Ndimu."

Akaketi. Akanieleza kwamba uchachu wa ndimu unaukatakata uzi. Ukili wote umekuwa vipande vifupi kama mabaki ya miyaa yanayofagiwa. Nikamwambia basi tumekwisha. Akakaa na kalamu mdomoni, kisha akasema, "Kushona mkeka kwa vipande hivi haiwezekani. Lakini mkeka tunao."

Mnielewe hapa, kwa sababu ndiyo faida ya kazi yote. Ile miaka ya chupa ya chai, wale minyoo waliotapika mmoja mmoja, walikuwa wametupa mkeka mzima ulioshonwa vizuri. Kipande kifupi hakikuambii kitu peke yake. Ukikiweka juu ya mkeka, utaona kimetoka kwenye pambo gani. Daktari aliviweka vipande vya mnyoo wa Zuhura hivyo, kimoja kimoja, kwa mashine. Akaweka na vya minyoo wa ng'ombe wa bonde lile, na vya watoto wa mnyoo tuliowakuta ndani ya konokono wa mtaroni. Ilichukua siku nyingi, na Shomari alipiga simu mara nyingi zaidi.

Majibu yalipotoka Daktari akaniita. Mnyoo wa Zuhura, wa ng'ombe na wa konokono ni wa ukoo mmoja, wamefanana mpaka kwenye makosa madogo ya usukaji ambayo minyoo wa Ubena hawana. Nikasema alhamdulillahi. Akaniinulia kidole.

"Mzee, sikiliza. Vinasaba vinasema mnyoo huyu ni wa mtaro ule. Havisemi aliingia kwa jani gani, wala kwa mkono wa nani."

"Lakini walichouliza ni mkono wa nani."

"Najua. Sitadanganya kwa ajili hiyo."

Nilikasirika kidogo, nakiri, halafu nikaona ana haki. Ukimwambia mtu zaidi ya alichosema mnyoo, kesho hatakuamini hata alichosema.

Tukaenda Miono pamoja. Shomari alikuwa ameita ndugu zake, na Kibibi aliletwa na kaka yake kutoka Mlingotini. Mwanamke mrefu, mikono ya msukaji, vidole vimekakamaa. Akaketi karibu na mlango, mbali na mume wake. Zuhura alikuwa ameshaanza kula vidonge alivyopewa hospitali na ameweza kuketi barazani, mgongo ukutani. Vidonge hivyo ni vya watu, niliwaambia, maana Shomari alikuwa keshanunua dawa ya ng'ombe akitaka kumalizia.

Nikatandua mkeka wa nyumba ile, nikauweka katikati. Nikaeleza kama nilivyoeleza hapa. Nilipofika kwenye vipande, Kibibi akanikatiza.

"Kama ni ukili wangu, nipe kipande cha urefu wa kidole, nitakwambia nilikisuka lini. Mkono haujifichi."

"Ndivyo Daktari alivyofanya," nikamwambia. "Wa Zuhura na wa mtaroni, mkono mmoja."

Kaka mkubwa wa Shomari akasema vema, ni wa mtaroni. Lakini majani ya mtaroni si yangeweza kutiwa chunguni? Daktari akajibu kwamba yakichemshwa mnyoo hufa. Lazima yaliwe mabichi. Na hapa hawezi kusema zaidi.

 Nikamgeukia Zuhura. Nikamuuliza jambo ambalo Bwana Lukas angeliuliza, kwa sababu alipenda kuuliza ng'ombe amelishwa wapi kabla ya kuuliza anaumwa nini.

"Mwanangu, shamba ulikuwa unakula nini?"

Akatazama mikono yake. "Majani. Yale laini yanayoota majini pale mtaroni. Jua likiwa kali nayachuma, nayasuguasugua na chumvi na ndimu, natafuna. Ndimu naifunga kwenye pindo la kanga."

"Mabichi?"

"Mabichi."

Shomari akasimama. "Mbona hukusema?"

"Mliniuliza nimekula nini nyumbani. Hakuna aliyeniuliza nimekula nini shamba." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi, "Na nikaona haya. Kula majani ya ng'ombe kama mbuzi."

Hiyo ndimu niliifikiria baadaye njiani. Yule mnyoo mkubwa ilimkatakata mpaka nusura tushindwe kumsoma. Mtoto wake kwenye jani amejifunga ganda, wala haimgusi. Waambieni watu wa bondeni: ndimu haisafishi majani ya mtaroni. Moto tu.

Shomari alizunguka baraza mara mbili bila kujua mikono aiweke wapi. Mwisho akasema, "Kibibi, rudi nyumbani."

"Mimi sikuondoka," akasema Kibibi. "Niliondoshwa." Wala hakumtazama. Alikuwa anamtazama Zuhura. "Na wewe uliposema hujasema kitu, nilikusikia mpaka Mlingotini."

Zuhura alilia kidogo, bila sauti. Hakuna aliyemharakisha. Akajifuta kwa kanga, akasema neno moja.

"Nipakulie."

 Kibibi akainuka, akaingia jikoni, tukasikia sufuria. Bi Mize akaniuliza pembeni kile kitu kiko wapi. Nikampa kichupa chenye mabaki yake. Akaenda nacho nyuma ya jiko, na alipopita mlangoni nikamsikia akimwambia Kibibi, "Mara hii bila ndimu."

Walichinja mbuzi. Sahani ya kwanza Kibibi aliiweka mbele ya Zuhura, wali na mchicha uliochemshwa ukachemka, akabaki amesimama. Zuhura akatia tonge mdomoni, akala, akaendelea kula mpaka sahani ikaonyesha ua lake. Ndipo Kibibi akaketi.

Mimi kama mgeni nililetewa ini. Mkono wangu wa kulia ukaenda mfukoni kutafuta kisu, wenyewe, kama ulivyozoea. Nikainua macho. Kibibi alikuwa ananitazama.

"Mzee Athumani," akasema. "Na wewe?"

Nikatoa mkono mfukoni mtupu. Katika miaka yangu yote ya kazi, lile ndilo ini pekee nililokula bila kulikata.